Kichwa cha Jarida la Granny

Karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya fotokopi ina harufu yake. Ni harufu ya joto, kama ya nguo iliyopigwa pasi ikakaribia kuungua, na ndani yake mna ukali kidogo unaokaa puani. Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka la fotokopi hapa Rosettenville, nyuma ya kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akitoa nakala za pasipoti. Harufu ile ikanijia, na kabla zamu yangu haijafika nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi, nimekumbatia bahasha ya kaki, nikimngoja mama yangu akague nakala zake dirishani.

Ngoja nieleze taratibu, maana si kila mtu amekulia katika ukoo wa Kiskoti, na kutojua si aibu. Mimi mwenyewe nilikulia ndani yake na mengi nimeyaelewa ukubwani.

Baba yangu alikuwa MacDorran. Babu wa babu yake alitoka Scotland kuja Johannesburg kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, akapata mwanamke wa hapa hapa ambaye jina lake hakuna aliyelitunza. Sisi uzao wao tulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, wengine maziwa mengi, wengine kidogo, lakini jina la yule mzee tulilishika kwa mikono miwili. Mama mzazi wa baba, ambaye ilikuwa lazima tumwite Granny, alikuwa na shali ya mirabaraba ya ukoo, na aliivaa hata mwezi wa kwanza, jasho likimtiririka shingoni.

Baba alikimbilia Tanzania ujanani, wakati wa mapambano ya kupinga ubaguzi, akamwoa mama Morogoro. Uhuru ulipokuja alirudi nyumbani na mke, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Mtoto huyo ni mimi. Mama aliniita Tatu, kwa kuwa nilizaliwa baada ya wawili ambao hawakukaa duniani. Granny aliniita Catriona.

Mama jina lake ni Mwajuma, ila Granny hakuwahi kulitamka. Kwa miaka tisa, akimtambulisha kwa wageni, alisema, "Huyu ni rafiki wa mwanangu," kwa sababu ndoa ya Morogoro haikufungwa mbele ya mchungaji wake. Alilisema kwa upole sana, kama mtu anayekuonyesha kiti cha kukaa.

Basi mwaka huo Granny akaamua ukoo wetu uwe na jarida. Jarida la ukoo ni kitu kidogo tu: karatasi nne au tano zilizobanwa kwa pini, zenye habari za nani kazaa, nani kazikwa, nani kapandishwa cheo. Lakini hili letu lingetumwa pia kwa wakubwa wa ukoo kule Scotland, ambao hawakuwahi kujibu barua zake. Kwa hiyo lilihitaji jina la maana, na kichwa kizuri, yaani lile pambo la juu ya ukurasa wa kwanza lenye jina na nembo. Kila ndugu aliruhusiwa kuleta pendekezo. Karatasi zingebandikwa ukutani bila majina, kwa namba tu, maana Krismasi iliyopita watu walikuwa wamegombana hadi kwa sababu ya keki. Na atakayeshinda, alisema Granny, jina lake litachapwa chini ya kichwa katika kila toleo.

Nilimtafsiria mama habari hiyo jikoni kwetu. Akaacha kukoroga uji.

"Kila toleo?"

"Kila toleo."

"Na huko Ulaya watalisoma?"

"Watalisoma, mama."

Akashika tena mwiko, akasema, "Mtu akishaandikwa, hafutiki kirahisi."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika karakana moja ya Doornfontein, ghorofa ya tatu, mahali ambapo vumbi la pamba lilikaa hewani hata ukilala unalipiga chafya. Jumamosi nilifuatana naye. Alichukua karatasi ya kahawia ya kukatia patani za nguo, akaitandaza mezani, akaanza kuchora kwa chaki ya fundi. Kwake kazi ile haikuwa ngeni. "Hii ni kanga tu," aliniambia. "Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina lake. Wazungu wameipunguza ikatosha juu ya karatasi."

Pindo alilijaza ua la Scotland, lile lenye miiba. Alilitazama katika kitabu cha Granny nilichoazima, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mbaruti hii. Kwetu tunaing'oa shambani na kuichoma moto, wenzetu wameivisha taji."

Katikati kulikuwa na nembo, kichwa cha paa dume. Nikamsomea kitabu kilivyosema: watu wa kawaida wa ukoo huvaa nembo iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu, kile chuma cha kufungia, kuonyesha kwamba wako chini ya mkuu wao. Mkuu peke yake ndiye anayevaa nembo isiyo na mkanda. Wenzetu wengine hawakuisoma sehemu hiyo. Mama, ambaye alikuwa ameshona mikanda ya sare kwa miaka, alichora bizimu yenye ulimi na matundu matano, na ncha ya mkanda ikapinda na kuning'inia inavyotakiwa.

Jina alilichagua mwenyewe: Mafiga. Aliniambia figa moja haliinjiki chungu, na ukoo ni hivyo hivyo. Mimi nikalitia katika Kiingereza, likatoka vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa maana wazee wetu walipolisikia waliona jiko la mawe la nchi ile ya baridi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Mama akanikwaruzia herufi kwa chaki, nami nikazifuatisha kwa wino. Hiyo ndiyo kazi yangu yote katika jambo hili, msomaji wangu. Wino.

Tulipeleka fotokopi tukaona mashine inameza mistari myembamba. Mama akairudia yote kwa mistari minene. Usiku wa kuamkia Jumapili ya shindano alinifundisha, au tuseme mimi nilimfundisha, sentensi moja ya Kiingereza: Mimi ndiye niliyeichora. Aliirudia akisuka nywele zangu mpaka nikachoka kuisikia.

Siku yenyewe sebule ya Granny ilijaa ndugu zaidi ya ishirini. Nje jirani Mreno alikuwa akichoma kuku wa piripiri, na moshi wake ulipita dirishani ukatutoa machozi. Baba alikuwa zamu kazini. Mama, kama kawaida ya nyumba ile, alikuwa jikoni akipaka siagi mikate. Karatasi tano zilibandikwa ukutani, na chini ya kila moja kikombe. Kila mtu mzima alitumbukiza harage moja. Shangazi Muriel, dada wa baba, ambaye alikuwa katibu, alipomwaga vikombe mezani hakuwa na haja ya kuhesabu. Kikombe cha namba nne kilimwaga rundo.

"Eish, namba nne imetumaliza," alisema. "Ya nani hii?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni, akijifuta mikono kwenye aproni. Niliona midomo yake ikijiandaa. Granny alimwona pia. Alimtazama vizuri, kisha akanigeukia mimi.

"Herufi hizi nazijua," alisema. "Ni mwandiko wa Catriona. Ni wewe, mpenzi wangu?"

Watu wote wakanitazama. Ningependa uelewe jinsi macho yale yalivyokuwa. Binamu zangu walikuwa wakiniita Dafu kwa Kiingereza chao, kwa nywele zangu kama makumbi. Shangazi zangu walikuwa wakinibusu hewani. Sasa chumba kizima kilinitazama kana kwamba mtu amewasha taa ndani yangu.

"Mwambie, Tatu," mama alisema kwa Kiswahili, ile sentensi imempotea.

"Mwambe-tatu-tatu," binamu Duncan akamwigiza, na watoto wakaangua kicheko.

Kiswahili nilikielewa chote, lakini mbele ya watu nilikionea haya kama chupi inayochungulia.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeichora peke yangu."

"Mama yako hakukusaidia hata kidogo?" akauliza shangazi Muriel.

Ningeweza kusema hapana na kuishia hapo. Hakuna aliyenilazimisha kuongeza. "Hapana," nikasema. "Hajui kuchora. Hajui hata kusoma."

Watu wazima walicheka kidogo, kile kicheko cha kukubaliana. Granny akanivuta kwenye shali yake yenye harufu ya kafuri. "Damu haipotei," alisema. Halafu, kwa sauti ya kumsaidia mtu asiyesikia vizuri, akamwambia mama, "Umeona? Mtoto ana kipaji."

Mama akaipata sentensi yake. Aliisema kwa Kiingereza safi, polepole, akiwa amebadilisha neno moja tu.

"Yeye ndiye aliyeichora," alisema. Akarudi jikoni kuleta chai.

Njiani kurudi nyumbani hakunigombeza. Tulipofika alinitia ufunguo mkononi, akasema, "Catriona, fungua mlango." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani hatimaye mama naye amekubali kwamba mimi ni mtu wa jina lile. Hakuniita Tatu tena siku hiyo, wala kesho yake, wala mpaka leo.

Jarida lilitoka mara nne kwa mwaka, na Granny alitaka pindo jipya kila toleo. Mimi sikujua kuchora hata kikombe. Kwa hiyo mama alichora, jioni baada ya karakana, na kila pindo likawa bora kuliko lililotangulia. Akimaliza alinisogezea karatasi na kalamu. "Haya, Catriona, weka jina lako." Mara mbili nilimwambia aweke lake. Alinitazama kama mtu anayeombwa kusaini barua isiyomhusu, akasubiri hadi nikaandika. Matoleo kumi na sita, hadi Granny alipofariki.

Barua ya Scotland ilikuja baada ya toleo la tatu. Walisifu kichwa cha jarida, na hasa bizimu, kwamba msanii anaielewa mila. Granny aliilia machozi. Mama aliniambia nimsomee.

"Wamemsifu nani?"

"Catriona MacDorran."

"Soma tena."

Nikasoma. Akaniambia nirudie mara ya tatu, huku akitunga uzi kwenye sindano.

Toleo la mwisho lilikuwa na mti wa ukoo. Nilikuwa nimeunganishwa kwa mstari mmoja na baba. Upande wa pili wa mstari hapakuwa na kitu.

Kwenye mazishi ya Granny shangazi Muriel, akiwa amekunywa kidogo, aliniambia kwamba Granny alijua. "Nilimwona mama yako akileta ile karatasi asubuhi na mapema, nikamwambia mama yangu. Akasema ninyamaze, mtoto mwenyewe ataimaliza habari hiyo." Niliposikia hivyo nilifarijika, na aibu ya faraja ile ninayo bado. Nilidhani nimepata mtu wa kumbebesha lawama.

Mwaka jana nilipiga magoti jikoni kwangu, mbele ya mama, ambaye siku hizi anaishi na mimi. Waliolelewa na mama wa Kiswahili wanajua radhi ya mzazi ni nini. Ukiikosa, hata unachopata hakikai. Niliomba radhi kwa Kiswahili, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka. Alikuwa akimenya njegere. Hakuacha.

"Radhi ya nini, Catriona?" alisema. "Ulichora mwenyewe. Walikusifu hadi Ulaya."

Nikamwambia mama, tafadhali. Nikamwambia sote wawili tunajua.

"Mimi hata kusoma sijui," alisema, bila hasira yoyote, akinirudishia maneno yangu ya sebuleni.

Nikiwa mtoto nilidhani siku ile alinisitiri, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu hivyo, kama mfano wa upendo. Huenda ulikuwemo. Lakini pale sakafuni nilielewa kwamba mtu hawezi kukusamehe kosa ambalo amekataa kuwa alitendewa. Alikuwa amenipa nilichochukua, chote, kwa saini yangu mwenyewe mara kumi na sita, na hataki kurudishiwa hata herufi moja. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Njegere zilipokwisha akaniuliza kama kuna chumvi ndani, au nimtume mtu dukani.