Nilisali Vizuri, Maji Sikuweza Kuomba

Ninaongea polepole, kwa hiyo mwenye haraka aende zake. Nimeitwa hapa kliniki niwatie moyo nyinyi wenye kiharusi, na ndugu zenu waliowaleta. Ndugu, maneno yenu ninayo, subirini.

Mimi ni Adelina, mama lishe wa Miembeni, Bukoba mjini. Kabla ya kuugua nilikuwa na mdomo, tusidanganyane. Mteja akilalamika ndizi hazijaiva vizuri, nilimjibu mpaka anamaliza sahani kwa aibu. Jioni niliongoza rozari kwenye jumuiya yetu ya Hamugembe, na huko nako niliwakemea wachelewaji. Presha nilikuwa nayo. Vidonge nilipewa, nikavimeza mwezi mmoja, nikajiona mzima, nikaviacha. Ujinga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Asubuhi moja namenya ndizi, kisu kikanitoka mkononi. Nikakiokota, kikatoka tena. Nikataka kumwita mwenzangu wa jikoni, ulimi ukalala. Mate yakatiririka, mkojo ukanitoka mbele ya wateja wa chai. Nilisikia kila kitu. Mmoja alisema, "Huyu kalewa asubuhi yote hii?"

Hospitalini daktari alimweleza mume wangu Novati, ambaye ni seremala, kwamba mshipa wa damu umeziba kichwani, upande wa kushoto. "Mkono na mguu wa kulia vitachelewa," alisema. "Kuhusu maneno, tutaona."

Baada ya wiki mbili Novati alinipeleka kijijini kwao Kishanda, niuguzwe na dada yake Koleta. Mwanzoni wifi alinitunza, lazima niseme. Alinigeuza, aliniogesha, alinisafisha kinyesi. Mimi nilielewa yote yaliyosemwa, Kiswahili na Kihaya, ila nikitafuta neno la kujibu, silioni. Natoa "ba, ba, ba" tu.

Jumapili moja majirani wakaja kusali nami. Wakaanza Salamu Maria. Jamani, mdomo wangu ukaingia pamoja nao! Neno kwa neno, bila kukwama, matendo yote matano ya rozari. Wakapiga vigelegele. Nililia kwa furaha, nikajua nimepona. Walipoondoka, Koleta akaniuliza, "Haya wifi, nikupikie nini?"

Nikafungua mdomo. "Ba, ba."

Akanitazama sana. "Kumbe! Mungu unaongea naye vizuri, mimi ninayekuosha ndiye huna la kuniambia?"

Nikakasirika, na hasira ikaleta tusi. Tusi zima la Kihaya, la wazi, linalomtaja mama yake. Hata mimi nilishtuka. Hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: nisipotamka, sipewi. Anasimama na kikombe pale nisipofikia. "Sema, nipe maji." Nayaona maji. Najua ni maji, koo linaniwaka. Nasukuma neno kwa nguvu zote, jasho linanitoka, na mdomo unaleta mwisho wa Salamu Maria, "Sasa na saa ya kufa kwetu."

"Unanidhihaki," anasema. Anayamwaga mlangoni.

Akampigia Novati simu, naye akaja Jumamosi. Mume wangu wa ndoa ya miaka kumi na tisa akavuta kiti mpaka kitandani. "Adelina, nitaje jina." Nikashindwa. "Sali, basi." Nikasali yote. Akainamisha kichwa. "Jina la Mama wa Mungu unalitaja, langu linakushinda nini? Nimekukosea nini? Wiki ijayo nakurudisha kwa baba yako." Waitu jamani, mwanamke wa umri wangu, nirudishwe kama sahani yenye ufa! Na mdomo wa kujitetea sina. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mguu.

Wiki hiyo Koleta alizidi. Kinywa kilikauka, ulimi ukapasuka, mkojo ukawa mchache, mweusi kama chai ya rangi, unaniunguza. Siku ya nne nilijiangusha kitandani, nikajiburuta kwa mkono mmoja mpaka jikoni. Kulikuwa na beseni la maji aliyooshea vyombo. Nikaingiza uso. Nilikunywa na sabuni, na maganda ya maharage, na mafuta ya samaki. Nilipoinua kichwa, Koleta yuko mlangoni. Hakunipiga. Alisema, "Umeona? Ukitaka, unaweza."

Kesho yake nilizimia kwa homa. Wakaona nikifa ni kesi, wakanikimbiza Bukoba.

Huko nilimkuta Ashura, mtaalamu wa mazoezi, binti wa Kiislamu mwenye sauti ndogo. Aliniletea maji, akaninywesha kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, hakuniuliza kitu. Ndipo Novati akamwambia, "Dada, huyu anajifanya. Anasali kabisa." Ashura akauliza, "Na matusi je?" Novati akajibu, "Matusi pia."

"Baba, wewe sala ya Nasadiki unaijua?"

"Tangu utotoni."

"Anzia katikati. Sasa hivi."

Novati akatoa macho. Akaanza, akakwama, akaanza tena, ikabidi arudi mwanzo kabisa ndipo ifike. Ashura akamngoja amalize. Kisha akasema, "Mdomo wako unaijua bila wewe kufikiri. Sala, wimbo, kuhesabu, tusi: vimekaririwa, na ubongo una njia zake za kuvitoa. Kuomba maji ni kutunga, na palipoharibika kwa mkeo ni pale pa kutungia. Watafiti wanaendelea kulichunguza jambo hili hadi leo, na wanaona ubongo unaweza kujitengenezea njia nyingine, hata miezi ikiwa imepita. Hajifanyi. Amefungiwa ndani, anawasikia."

Novati akanitazama, nami nikamtazama. Nililia kwa sauti kama mtoto. Hakuna aliyewahi kunisemea hivyo.

Ashura alinifundisha kwa kuimba. Anashika mkono wangu wa kushoto, tunapiga godoro, pigo moja silabi moja: ni-pe ma-ji. Nilijiona mjinga. Wagonjwa wengine walicheka. Wiki ya tatu wimbo ukatoka, kwa sauti ya chura, lakini ulikuwa wangu, haukuwa wa kukariri. Niliuomba ule mji mzima maji siku hiyo! Baadaye kidogo kidogo tukaondoa tuni, yakabaki maneno. Novati alipiga magoti. Naishi naye, msiniulize zaidi.

Leo natembea na fimbo, nauza chai, vidonge nameza kila siku. Ashura, namshukuru mpaka kaburini. Wagonjwa, imbeni, hata mkichekwa. Anayecheka hajui kinachomngoja. Na nyinyi ndugu mnaokaa hapo mkijisifu mnauguza: mtu asipojibu, usimfanyie mtihani. Mpe maji. Ukimaliza ndipo utafute jibu.

Mwezi uliopita Koleta alikuja Hamugembe na mkungu wa ndizi. Alikaa ukingoni mwa kiti, kanga anaikunja na kuikunjua. "Wifi, nisamehe. Sikujua kama ni ugonjwa."

Nilichukua muda. Siku hizi maneno nayapanga kwanza, nagonga goti kwa kidole, moja moja. Alidhani nimekwama, akataka kunisaidia kumalizia. Nikamnyooshea mkono anyamaze.

Nikamwambia, "Ugonjwa hukuujua. Kiu uliiona."

Akangoja niendelee. Nilikuwa nimemaliza.