Meya Aliyesubiri Zamu

Wakati wa korona nilifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Bankstown, na kila asubuhi nilimwogesha mzee mmoja wa Kilatvia aliyewahi kuwa meya. Mimi ni Mkenya, kiongozi namjua kwa ving'ora na walinzi. Huyu alikuwa na slipa na rimoti ya televisheni. Nilimwita Mheshimiwa kwa utani, naye akanipigia saluti, sabuni ikimchuruzika masikioni.

Habari zake nilizipata vipande vipande huku nikimsugua mgongo. Utotoni alipakiwa kwenye behewa la mizigo pamoja na mama yake, wakapelekwa Siberia. Aliporudi akawa fundi wa matrekta. Nchi yao ilipojitoa mikononi mwa Wasovieti, watu wa mji wake mdogo walimchagua kuwa meya, na baadaye wakampeleka bungeni. Kule nyumba zote za mji hupata joto kutoka boila moja. Majira ya baridi ya kwanza mafuta hayakutosha, akaamuru mtaa wake uwe wa mwisho kupashwa joto. Mkewe alilala na koti na kofia.

"Alininunia mpaka theluji ikayeyuka," aliniambia, nikacheka hadi nikajimwagia maji. Lakini nikiwa kwenye treni jioni nilijiuliza ni kiongozi gani wa kwetu angethubutu, nikakosa hata mmoja.

Kisha korona ikamwangusha huyo mkewe, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akalazwa hospitali ya Liverpool, mtaa wa jirani na Bankstown. Binti yao alikuwa Perth, jimbo jingine ng'ambo ya pili ya nchi, na mipaka ya majimbo imefungwa. Wodi iliruhusu wageni kwa zamu tu, na familia zilizotangulia zilikuwa nyingi. Daktari alishasema wazi kwamba mama huyo hana siku nyingi.

Nikafanya ambacho Mkenya yeyote angefanya, nikatafuta mtu wa kujuana naye. Rafiki yangu wa kanisani, Mkongo, alikuwa akifanya usafi katika wodi ile ile.

"Dada, mulete tu ku mlango ya nyuma," akaniambia kwenye simu. "Chef yangu ni muntu muzuri. Nitamwambia huyu papa alikuwaka maire." Chef kwao ni bosi, na maire ni meya.

Nilirudi chumbani kwa furaha, nikamweleza mzee na kuanza kumtafutia viatu. Aliuliza jambo moja tu: wale waliotangulia wanaujua mlango huo?

"Hawaujui. Ndiyo maana unaitwa mlango wa nyuma."

"Basi nitasubiri zamu yangu."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia hapa si kikao cha madiwani, na mkewe hakuolewa na katiba. Aliushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, machozi yakamlowesha barakoa. Hapo nikaelewa kwamba alitaka kwenda kuliko nilivyotaka mimi, na bado hakuinuka. Sijawahi kuona nguvu ya namna ile kwa binadamu, na ilinitisha. Nilivirudisha viatu chini ya kitanda, nikakaa naye.

Siku zikapita, kila simu ikilia tunashtuka. Zamu ilipofika, meneja wetu aliniruhusu kumsindikiza. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlango wa wodi, muuguzi akamvisha gauni la plastiki, akamwingiza. Kupitia kioo nilimwona mama akifumbua macho. Alisema neno, mzee akajibu, kisha akainama na kulaza paji la uso juu ya mkono wa mkewe. Walikaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Tukiwa garini kurudi, nilimuuliza mkewe alisema nini.

"Alisema nimechelewa."

"Nawe ukamjibu nini?"

Alitazama maduka ya Liverpool, yote yamefungwa.

"Nikamwambia ni kweli."