Aliyekuwa Akinizimia Taa za Maulidi

Mara mbili mchana mmoja taa zangu za Maulidi zilizimwa na mkono wa mtu.

Umeme haukukatika. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kama kawaida.

Mara mbili nliteremka ngazi kwa magoti yangu haya mabovu. Mara mbili nkakuta swichi kubwa ya dakani, pale nyuma ya mlango wa kuingilia, imeshushwa.

Mara ya tatu nkasema leo namvizia huyu.

Lakini kitendawili kwanza, wanangu. Nna mgeni ndani ya nyumba, hana mikono, lakini ukimgusa yeye ndiye anayekushika.

Jibu mtalikuta humu humu njiani. Cha pili nitakutegeeni mwisho.

Nyumba yangu ipo Mji Mkongwe. Kichochoro chetu chembamba, nikipiga chafya jirani yangu Bi Ulfat ananiombea rehema akiwa dirishani kwake. Baina ya dirisha langu na lake, marehemu mume wangu Khatib alifunga waya wa chuma wa kuanikia nguo. Miaka thelathini tunautumia sote wawili.

Ila mwaka huu tulinuniana. Tangu Idi kubwa.

Nlimwazima sinia langu la shaba, likarudi limebonyea. Nkasema, akasema, basi. Miezi mitatu nguo zetu zinaanikwa pamoja, wenyewe hatusalimiani.

Maulidi yakakaribia. Nkenda Mwanakwerekwe, nkanunua taa za rangi.

"Bi, hizi za ndani," muuzaji akaniambia.

"Mwanangu, nuru haina ndani wala nje."

Nkajiona mjanja kweli!

Nkazizungusha kwenye ule waya wa nguo. Zikapelea. Nkaziunga na kipande cha taa za zamani, kiungo nkakifunga selotepu ya kufungia zawadi.

Usiku kichochoro kiling'ara, watu wakasimama kupiga picha. Mimi kichwa kikavimba.

Kesho yake mchana yakapita manyunyu. Taa sikuzizima. Nlitaka wanaotoka kuswali adhuhuri wazione.

Ndipo zikazimwa. Nkawasha. Zikazimwa tena. Nkawasha tena.

Nkamjua tu. Ulfat. Wivu.

Alasiri nkachukua fagio, nkakaa dakani nyuma ya mlango. Juu alikuwepo mjukuu wangu Nadra, anayesoma chuo Tunguu. Karudi na furushi la nguo, anafua.

Mara mlango ukasukumwa, puu!

Bi Ulfat. Pekupeku. Hana buibui, hana hata mtandio. Mwanamke huyu katika miaka thelathini sijapata kumwona nje na nywele wazi.

Akaishusha swichi kwa mti wa mwiko.

"Nshakukamata!" Nkanyanyua fagio. "Taa zangu zimekukosea nini?"

"Nipige," akasema, anahema. "Lakini usiiwashe, Maisara. Wallahi usiiwashe."

"Kwa nini?"

"Ule waya una umeme! Saa saba nlikwenda kuanua dera langu, nkatupwa chini. Tazama."

Akanionesha mkono. Kiganjani ana alama nyekundu ya waya.

"Sasa mbona hukunambia?"

"Nkwambie vipi, na hunisemezi?"

"Wewe ndiye hunisemezi!"

"Aaa, ulianza wewe! Na lile sinia lilibonyea kabla!"

Juu ikaja sauti: "Bibi! Umeme umekatika tena? Nnaanika shuka mie!"

Fagio likanianguka.

"Nlimwona dirishani," Ulfat akasema taratibu. "Shuka linachuruzika maji, limebaki shibiri lifike kwenye waya. Nkapiga kelele, hasikii, kaziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Ndiyo nkakimbia."

Nkakaa chini pale pale, sakafuni. Mwizi wa taa zangu kaja nywele wazi kuniokolea mjukuu.

Fundi wa umeme, Mudrik, alipokuja akaitazama selotepu yangu iliyorowa manyunyu ikavujisha umeme kwenye waya, kisha akanitazama mimi. Sikuwahi kuona haya vile.

Akanifungia taa za nje hasa, zisizoingia maji, kwa kamba ya nailoni, mbali na nguo, bila ya kiungo chochote. Akanitilia na swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja.

"Na ukitaka kuzigusa, Bi Maisara, chomoa kwanza. Hata kama unazipenda."

Wanangu, msifanye ujanja wangu. Taa ya ndani ikae ndani, na waya wa chuma uachieni nguo. Na jirani mliyenuniana naye, msalimie leo.

Usiku wa Maulidi nkampakulia Ulfat biriani kwenye sinia lile lile. Tukala pamoja, taa juu yetu zinameremeta.

"Kitendawili!" nkamwambia.

"Tega."

"Kimo mdomoni. Ukikitoa hupungukiwi, ukikimeza anaweza kufa mtoto wa mwenzio."

Akatafuna kidogo, akafikiri.

"Neno," akasema.

Nkaitikia kwa kichwa. Machozi yananilenga.

"Na hili sinia, shoga," akaongeza, akiligonga kwa kidole, "lilibonyea kabla."