Fimbo Haina Mkwe

Niliposema ni matembezi mepesi nilisema kweli, ila kweli ya mtu aliyesoma tu habari zake. Mwendo wa saa moja msituni, njia imekanyagika, mwisho wake maporomoko ya maji. Hata watoto wanaweza, niliwatangazia nyumbani Nyasubi, nikiwa nimevaa viatu vipya vya kupandia milima ambavyo mke wangu aliviita vya mkandarasi.

Mama mkwe aliposikia tunakwenda vilima vya Geita, alipanda basi kutoka Mhunze. Pale maporomokoni ndipo alipoteka maji akiwa msichana, kabla ya kuolewa. Magoti yanamuaga, alisema, anataka afike mara moja kabla hayajagoma kabisa.

Kwetu Wasukuma mkwe haguswi. Hatupeani mkono, na njiani mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Nina shahada mbili, na hakuna iliyonifundisha kutembea na mama mkwe kwenye kinjia chembamba. Nikatangulia, yeye akafuata mbali nyuma, mke wangu katikati akipeleka maneno. Mama anauliza kama hivyo viatu vinauma. Vilikuwa vinauma. Nikajibu kwamba ni vizuri sana.

Kelele za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu bondeni zilififia, tukaanza kusikia maji. Watoto wetu wawili wakatimua mbio, mama yao akawafuata, wakavuka kijito. Tukabaki ng'ambo ya huku mimi na mkwe, na mbele yetu mawe matano yenye utelezi.

Alikanyaga la kwanza, goti likatetemeka, akarudi. Mke wangu alikuwa amewashika watoto wasitumbukie, hakuthubutu kuwaachia. Mimi nilisimama nikitazama mti, kwa heshima, kama mtu asiye na mikono. Mkwe akakaa chini, akafunga kanga upya. Nikajua safari yake imeishia hapo. Nikaanza kumwonea huruma, kazi isiyohitaji kumgusa mtu.

Ndipo akasema nami bila mjumbe, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Baba, tafuta fimbo ndefu. Fimbo haina mkwe."

Nikaokota tawi kavu, nikashika ncha moja nikiwa nimempa mgongo, yeye akashika ya pili. Jiwe la kwanza, la pili. Kwenye la tatu viatu vya mkandarasi viliteleza. Fimbo ikavutwa kwa nguvu kutoka nyuma, nikasimama tena. Yeye alikuwa peku. Nani alimvusha nani, watoto wangu wana jibu lao.

Maporomoko yenyewe hayakuzidi urefu wa mlango wa nyumba, nami niliyeyasifia njia nzima nikaona aibu. Mkwe aliingiza miguu majini, akanawa uso. Kisha akamgeukia binti yake, akapaza sauti kiasi cha kunifikia.

"Mwambie mumeo asiitupe ile fimbo. Bado kuna kurudi."