Kiroba cha Shangazi na Kiitikio cha Nne

Jamani, aibu niliyoipata kule mtaa wa Katindiuka hata leo ikitajwa naangalia chini, lakini kwa kuwa mmeng'ang'ania, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Kulwa, mpiga gitaa wetu (yule anaongeza chumvi).

Bendi yetu ni ya roki, Ifakara nzima tuko peke yetu, na mchana huo tuliitwa kupiga kwenye send-off ya dada yake Neema, Neema huyohuyo niliyekuwa napanga kupeleka posa kwao wiki inayofuata, na kila mtu alishaniambia kwao neno la mwisho ni la Shangazi Tausi. Basi zawadi zikaitwa. Mnajua utaratibu, akina shangazi wanaingia wakicheza, mizigo kichwani, na hakuna kutua mpaka wimbo uishe. Sisi, badala ya kupiga sebene kama watu wenye akili, tukapiga R&B ya zamani, ya mapenzi, ya taratibu, tuliyoikoroga na magitaa ya roki, maana nilitaka Neema asikie (ujinga wangu ulianzia hapo).

Nikaimba nimefumba macho. Kufumbua, naona akina mama wanayumba, Shangazi mbele na kiroba cha mchele, jasho na machozi vinamtiririka, nikajua wimbo umewaingia. Nikamwambia Kulwa arudie kiitikio. Wakazidi kuyumba, mwenye godoro akanitolea macho, Neema ananipungia mikono sijui anataka nini, nikadhani anafurahi, tukarudia tena. Kiitikio cha nne Shangazi akaacha msafara akaja moja kwa moja jukwaani, nikainama nikijua anakuja kunitunza, kumbe anakitua kiroba juu ya dramu. Dramu ikapasuka, kiroba kikapasuka, mchele ukajaa viatuni mwangu.

"Baba, wimbo wenu hauna mwisho?" akauliza, anahema.

"Shikamoo Shangazi," ndilo jibu nililopata. Watu wakacheka, na mimi bado sielewi nimekosa nini, mpaka Neema alipokuja kuninong'oneza.

Posa mshenga aliipeleka hivyohivyo, ila Shangazi akakataa kuifungua barua mpaka niitwe mwenyewe. Akanionyesha kiroba kingine pale sebuleni.

"Weka kichwani, uniimbie ule wimbo."

Kiitikio cha pili nikaomba kutua.

"Bado," akasema. "Mimi nilifika cha nne."

Barua aliifungua nilipomaliza cha nne, shingo haigeuki. Tangu hapo naimba macho wazi, na nikiona mama yeyote ameanza kuyumba na mzigo, namwambia Kulwa tumalize.