Daftari la Pini Zilizosalia

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho bila ya sisi kuyaomba na mikono bila ya sisi kuistahili, naye huchukua kilicho chake wakati autakao. Namshukuru kwa umri, namshukuru kwa subira, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, wasomaji wangu, leo nina habari ya msiba. Jumatano iliyopita, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimeketi barazani na redio yangu nikisikiliza matangazo ya vifo, kama tufanyavyo sisi wa umri huu, huku tukijua kwamba siku moja tutatajwa nasi hatutasikia. Likasomwa jina ninalolijua. Mtangazaji alilisoma haraka, akataja watoto, akataja wakwe, akasema mazishi ni Jumamosi huko nyumbani kwake karibu na Kaloleni, kisha akahamia kwa maiti mwingine. Mke wangu alikuwa ndani akipepeta mchele. Nikasikia ungo ukinyamaza.

Marehemu hakuwa na shahada ya udaktari, lakini alikuwa amefunzwa kumtoa mtoto wa jicho, na sote tulimwita Daktari. Kutoka Malindi mpaka Kilifi, wazee waliokuwa wakishikwa mkono kwenda msikitini au kanisani walirudi kutembea peke yao kwa sababu yake. Yeye alikuwa Mkristo, mwana wa shule za misheni. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Kilichotukutanisha ni jicho la mke wangu. La kushoto liliondoka na ndui angali mdogo, na la kulia, ambalo ndilo alilobaki nalo, likaanza kuingia ukungu. Daktari alilimulika kwa tochi yake ndogo akasema, "Bado halijaiva. Tungoje miezi sita." Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mtoto wa jicho huachwa aive ndipo atolewe. Jicho moja, wasomaji wangu. Likiharibika, halina mwenzake. Hofu ikaniingia mpaka nikawa naenda hospitalini kila wiki kuuliza jambo lile lile. Siku moja akanicheka, akasema, "Maalim, naona mgonjwa ni wewe. Jumamosi asubuhi njoo pale hotelini kwenye bolingi, nina kazi ya kukupa."

Hoteli yenyewe ilijengwa kwa ajili ya watalii, na meneja wake, aliyekuwa ametibiwa macho na Daktari, alimwachia ukumbi wa bolingi kila Jumamosi asubuhi kabla wageni hawajaamka. Nilipomwambia mke wangu naenda huko, alinigeukia na uso wake usioniona vizuri. "Kwenye hoteli ya Wazungu, na kanzu?" "Naenda kuandika tu." "Basi funga na kitambaa chekundu shingoni, wakudhani ni pini ya mchezo wao wakuangushe." Nilikwenda kwa woga, nikitazama nyuma nisionekane na wazazi wa wanafunzi wangu. Nikakuta baa imefungwa, sakafu inadekiwa, na Daktari amevua viatu vyake vya kazi. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kuna njia ndefu ya mbao laini, na mwisho wake zimesimama pini kumi, vigogo vyeupe vya mbao vyenye mstari mwekundu shingoni. Mchezaji huvingirisha tufe zito azilaze. Zikisalia, hupewa mtupo wa pili kuzimaliza, na kuzimaliza huko ndiko kunakoitwa spea. Mashine ya kuzisimamisha haikuwapo. Alikuwapo mtu mzima mmoja wa Gede, mwenye mvi na maneno mengi, aliyekaa juu ya ubao nyuma ya pini na miguu ameikunja, akishuka kuzipanga kila zinapolala.

Daktari hakujali mtupo wa kwanza. "Huo hata mlevi anaweza kubahatisha," aliniambia. "Mimi nataka kujua nilichokiacha, na kama nimekirudia." Nikamwambia kwetu jambo hilo linaitwa toba. Akacheka sana. "Basi niandikie toba zangu, Maalim. Mwandiko wako ni mzuri, wangu umeniharibikia." Akanipa daftari la shule ambalo tayari alikuwa ameanza kulijaza, akanifungulia ukurasa mtupu katikati. Kila mstari ulikuwa na mambo matatu: pini ipi imesalia, amesimama ubao wa ngapi kutoka kushoto, na tufe limepita upande gani. Iliyomtesa kuliko zote ilikuwa pini ya mwisho ya pembeni kulia. Yule mzee wa Gede aliipa jina la Mkwe, kwa sababu watu huipitia mbali. "Mkwe yuko wima, Daktari!" alikuwa akipaza sauti kule nyuma. "Hujamwamkia! Hata kumkoholea hujamkoholea!" Naye Daktari alikuwa akirudi na kunisomea: kulia, Maalim, andika kulia.

Miezi ikapita. Na jambo la kufurahisha ni kwamba alikuwa akiendelea vizuri. Tufe likimpotea kulia, alisogeza miguu kulia kidogo, akalenga alama ile ile iliyochorwa njiani, nalo likarudi lilipotakiwa. Spea zikaongezeka. Mzee wa Gede akawa anapiga mbinja. "Leo Mkwe ameamkiwa mara tano! Atatupa binti mwingine!" Mimi nilimpongeza kwa moyo mmoja, kwa sababu nilijiambia kwamba mkono unaozidi kulenga ndio mkono utakaoshika kisu juu ya jicho la mke wangu. Jumamosi zile ndizo zilizonipa usingizi. Yeye peke yake hakufurahi. Alilitazama daftari, akaitikia kwa kichwa, akanywa kahawa yake. Alikuwa akiomba kikombe kijazwe nusu, na alikishika kwa mikono miwili. Niliona, wala sikuona.

Jicho likaiva, upasuaji ukapangwa Jumanne. Ijumaa iliyotangulia, baada ya alasiri, nilikaa nyumbani na daftari nimtengenezee zawadi: ukurasa mmoja wa kuonyesha alivyoendelea tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza, kila aliposaliwa na Mkwe mara kumi, alimpata mara tatu. Mwezi wa tano, mara saba. Nikatabasamu. Kisha kalamu ikateremka kwenye safu ya mbao. Mwezi wa kwanza alisimama ubao wa kumi. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, kumi na nne. Halafu kumi na sita. Halafu kumi na tisa. Hakurudi nyuma hata wiki moja. Nikajiuliza: njia ni ile ile, tufe ni lile lile, alama anayoilenga ni ile ile. Basi ni nini kinachohama? Mkono ulikuwa ukipotoka wiki baada ya wiki, na miguu ikiufuata kuusitiri. Kila spea niliyoishangilia ilikuwa ushahidi. Na juu ya jicho la mtu hakuna pa kusogeza miguu.

Magharibi ile nilisalisha nikapotea katika rakaa, mpaka walio nyuma yangu wakanikumbusha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu huenda tukaahirisha, kwamba nimesikia dawa hazijafika. Akanigeukia. "Maalim, miaka thelathini na nane hujawahi kunidanganya, na leo ndiyo umeanza? Hata hujui kudanganya. Una nini?" Nikamweleza yote, mbao, tufe, kikombe. Nilidhani atalia. Alipapasa akalipata daftari mapajani mwangu, akaliwekea kiganja juu. "Umemwambia mwenyewe?" "Bado. Nitamwambiaje? Nitamvunjia heshima yake. Na nikiwa nimekosea?" "Mimi jicho langu silipeleki kwa mtu tunayemsema akiwa hayupo," akasema. "Kesho nenda. Kamwambie usoni, kisha urudi uniambie mimi alivyosema, neno kwa neno."

Nilikwenda. Njia nzima nilitamani nikute ukumbi umefungwa. Daktari aliniamkia kama kawaida yake, "Shikamoo Maalim," nikamwitikia. Kisha nikamwomba jambo moja tu. "Leo, Daktari, msimamishe Mkwe peke yake. Nawe usimame ubao wa kumi, kama mwezi ule wa kwanza." Hakuuliza kwa nini. Alikwenda akasimama ubao wa kumi, akatupa. Tufe likateleza kulia likaangukia mtaroni, ule mfereji wa pembeni mwa njia, kabla ya kufika. Akatupa la pili. Mtaroni. "Daktari, Mkwe amekasirika nini?" mzee wa Gede akapiga kelele. La tatu, la nne, la tano. Yule mzee akashuka kutoka kwenye ubao wake akasimama anatutazama. Daktari akaja akaketi kando yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kilikuwa kikisuguana na cha shahada polepole, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwapo.

"Fungua kurasa za mwanzo," akasema, "zile nilizoandika mimi." Miezi mitano nilikuwa na daftari lile na sikuwahi kuzitazama. Ukurasa wa kwanza herufi zake zilikuwa kubwa na wazi. Wa tatu zilikuwa zimepungua. Kufikia wa saba zilikuwa ndogo kama sisimizi, zikipanda mlima pembeni mwa mstari. "Ndiyo maana nilikupa kalamu," akasema. "Nilijua mwandiko unasema nini, kwamba ugonjwa wa kutetemeka umeanza. Nikajiambia labda mkono wenyewe ni mzima, nikataka pini zinihakikishie. Zilipoanza kulala, nikashika hizo spea kama ushahidi wangu." Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo sijalisahau. "Daktari, umewahi kumharibu mtu?" Akautazama ule mkono. "Bado," akasema.

Neno hilo moja nilikwenda nalo nyumbani nikampa mke wangu kama alivyoagiza. Yeye aliinamisha kichwa akasema, "Alhamdulillahi, amelisema mwenyewe." Jumatatu asubuhi Daktari alikwenda kwa mkubwa wake akamweleza, na tangu siku ile hakushika kisu tena. Ilikuwa ndiyo kazi yake, ndilo jina lake, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wanaosoma. Kwa jicho la mke wangu alitutafutia mwenzake huko Mombasa, naye mwenyewe akatusindikiza. Tulipovuka kwa feri pale Kilifi alisimama kando ya mke wangu akimweleza kila hatua, wapi atasikia sindano, wapi hatasikia kitu, kwa nini asigeuze kichwa. Mimi nilibaki nje ya chumba cha upasuaji na hofu yangu na dua zangu. Ya ndani nilisimuliwa na mke wangu. Anasema alikuwa macho, uso umefunikwa, na mtu amemshika kiganja muda wote. Akamwambia, "Daktari, mkono wako unatetemeka." Naye akamjibu, "Ndiyo, Bibi. Ndiyo maana nimekushika wewe, sikushika kisu."

Bandeji ilipoondolewa, akavishwa miwani mizito kama vitako vya gilasi, akanigeukia. "Kumbe umezeeka hivi!" akasema. Kisha akaomba aletewe msahafu.

Nimefikiri sana wiki hii, wasomaji wangu. Siku hizi kila ofisi inataka taarifa ya maendeleo, na kila mmoja wetu anajua kuonyesha kilichoongezeka. Ni wachache wanaouliza kimeongezeka kwa kuficha nini. Dereva anayepunguza mwendo kwa sababu haoni mbali husifiwa kwa uangalifu. Mwalimu asiyesikia hawapi wanafunzi nafasi ya kuuliza, na darasa lake husifiwa kwa utulivu. Tunaisogeza miguu, wala hatusemi. Marehemu alisogeza miguu yake miezi mitano, kisha aliporudishwa ubao wa kumi alisimama akatupa mbele ya macho yetu, akijua fika tufe litaangukia wapi. Sijaona ushujaa mkubwa zaidi ya ule. Hesabu ya roho yake ni ya Mola wake na wangu, nami namwombea kwa huruma ile ile ninayojiombea.

Daftari lake aliniachia, na nusu yake ilikuwa tupu. Tangu mwaka jana mke wangu amekuwa akilitumia. Kila alasiri mimi nasoma Kurani kwa moyo, yeye anafuatisha msahafuni kwa jicho lake moja na miwani yake, na ninapoteleza anatia alama. Mwanzo alama zilikuwa mbili tatu kwa juzuu. Sasa ni nyingi zaidi, na nyingi ni mahali nilipokuwa nikipapita bila kufikiri tangu ujana wangu. Nilikuwa nimeanza kuchagua sura fupi ninaposalisha watu, na waumini wakinishukuru kwa kutowachosha. Ile Jumatano, redio ilipokwisha kutangaza, alitoka ndani na daftari akaketi kando yangu barazani. Nikamwuliza, "Nimewahi kuwaharibia watu sala yao?" Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akairudisha usoni, akanitazama vizuri. "Bado," akasema.

Ijumaa niliwaambia wenzangu wa msikiti wetu wamtafute mwingine wa kusalisha. Nitasimama safu ya nyuma, na naogopa, kwa kuwa sijui kitakachofuata kunitoka. Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na mikono yako na kumbukumbu yako, na siku atakapoanza kuvichukua, akujaalie mtu wa nyumbani mwako atakayekuonyesha daftari bila kukuficha, na akupe moyo wa kulitazama. Amin.