Kochi la Kifalme katika Nyumba ya Pasi

Nyumba ilijengwa pale barabara mbili zinapokutana, na aliyeijenga hakutaka kupoteza hata shubiri moja ya kiwanja. Kuta mbili za pembeni zilifuata barabara hadi zikakaribia kugusana kwa mbele, na mtaa mzima ukaiita Pasi. Nyuma ilikuwa pana, mbele imechongoka, na pale kwenye ncha palikuwa na dirisha jembamba ambalo mtu mnene angechungulia kwa jicho moja tu.

Fundi alihamia humo na mumewe baada ya baba mkwe kufariki, ili mama mkwe asibaki peke yake. Jina lake halisi walilijua wachache. Alikuwa mshonaji, miaka ishirini na miwili kwenye cherehani, na kila mtu alimwita Fundi. Duka la kushonea likawa chini, wao wakaishi juu. Ngazi ilikuwa moja tu, ya mbao: unapanda hatua tisa, unakata kona kali ya kukwaruza bega, kisha unapanda nyingine saba. Sebule ya juu haikuwa na kona hata moja iliyokaa sawa. Sakafu nayo ilishuka kuelekea mbele. Ukiangusha kifungo, unakifuata dirishani.

Samani za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo ilibidi kutafuta nyingine. Fundi hakukimbilia dukani. Alichukua utepe wake na kuipima nyumba kama anavyopima mteja mwenye bega moja juu na jingine chini, bila kujidanganya. Kisha akachukua karatasi za kukatia mitindo, akakata umbo la benchi, la meza, la viti, akazitandaza sakafuni na kupita katikati yake akiwa na sinia mkononi, aone kama kiuno kitapita.

"Si tununue tu kama watu wengine?" mumewe aliuliza. Alikuwa karani wa bohari, mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa kumchosha mtu.

"Watu wengine wana kona," Fundi akamjibu. "Sisi tuna hii."

Kaka mkubwa wa mumewe alikuwa na duka la samani kwenye barabara kuu, lenye kioo mbele na taa zinazowaka mchana. Wafanyakazi wake walikuwa wawili, lakini kadi zake zilisema Mkurugenzi, naye alitaka aitwe hivyo hata na ndugu. Fundi alimwita hivyo bila kinyongo. Aliona ni sawa na kumvisha mtoto koti la baba yake: unamwacha atembee nalo, mwenyewe atajikwaa.

Siku moja Mkurugenzi akapanda juu, akaziona karatasi sakafuni, akasimama mikono kiunoni.

"Shemeji, hizi ni za nini? Unayashonea makochi suruali?"

Akacheka mwenyewe, akacheka tena kwa raundi ya pili. Mumewe Fundi naye akacheka. Fundi akamtazama mumewe kama anavyotazama mshono uliokwenda upogo.

"Nataka kujua kitakachoingia," alisema. "Kwenye kona ya ngazi hakipiti kitu kinachozidi futi tano urefu na futi mbili upana. Nimekuandikia."

Mkurugenzi akaipokea karatasi, akaikunja bila kuisoma, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Mimi, shemeji, sihitaji utepe. Mimi nina jicho."

Mwenye shida ya jicho katika familia hiyo alikuwa mama yao. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na kwa miezi mitano alikuwa akingoja zamu ya kupasuliwa jicho la kwanza. Siku ikapangwa: Alhamisi, saa sita mchana, na muuguzi alionya kwamba atakayechelewa atarudi mwisho wa foleni. Mkurugenzi aliambiwa tarehe hiyo mara tatu.

Alhamisi asubuhi Fundi alitoka kupeleka magauni ya mteja. Aliporudi saa nne, alikuta lori limepandisha magurudumu mawili mlangoni, watu wamejaa, na ndani, pale ngazi inapokata kona, kochi limekwama.

Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vya dhahabu, miguu ya simba na mgongo mrefu kama ubao wa kutangazia. Mbebaji mmoja alikuwa upande wa juu, watatu upande wa chini. Mkurugenzi alikuwa chini kabisa, mbali na uzito, akitoa amri.

"Inua kichwa! Shusha mkia!"

"Kichwa ni kipi, bosi?" sauti ikauliza kutoka juu.

Fundi akamgeukia mumewe. "Nani kasema liletwe?"

"Kaka kasema ni zawadi. La kifalme. Ningemkatalia vipi?"

"Kwa mdomo," Fundi akasema. "Ndiyo kazi yake."

Walilisukuma, likazidi kukaza. Walilivuta, likagoma. Mkono mmoja wa kochi ulikuwa umeingia kati ya ukuta na mbao za ngazi, na hata paka asingepita. Ndipo sauti ya mama mkwe ikasikika kule juu, ya upole bado.

"Jamani, mimi nina daktari."

"Subiri kidogo, mama, tunaligeuza!" Mkurugenzi akapaza sauti.

"Umeanza kuligeuza saa tatu, mwanangu."

Mkurugenzi akafuta jasho ambalo hakulitolea kazi yoyote. "Kasoro iko kwenye ngazi yenu," alimwambia Fundi. "Kochi limetengenezwa vizuri. Nitaita mtu abomoe kipande hiki cha ukuta, kidogo tu, tutaziba baadaye."

Fundi alikuwa amewahi kuona watu wapumbavu, kazi yake ilimletea kila aina: wanaodai gauni la saizi waliyokuwa nayo shuleni, wanaoleta mita mbili wakitaka nguo ya mita nne. Lakini mtu aliyekuwa tayari kuvunja nyumba ya marehemu baba yake, mama yake akiwa juu, ili kuokoa kochi, huyo alikuwa mgeni kwake. Aliingia dukani akatoka na mkasi mkubwa wa vitambaa vizito.

"Shemeji! Hapana! Hilo ni mninga mtupu! Halikatwi hilo!"

"Kama ni mninga, mkasi hautalidhuru."

Akapanda hatua tisa, wabebaji wakampisha, akachoma mgongo wa kochi na kukata kutoka juu hadi chini, mkato mmoja ulionyooka kama wa shuka. Kitambaa kikafunguka. Kwanza yalimwagika mabaki ya mazulia, kisha kandambili moja ya kushoto. Nyuma yake hapakuwa na mninga. Palikuwa na mbao nyembamba za masanduku, zimepigiliwa ovyo, na katikati yake maboksi yaliyokunjwa.

Mbebaji wa juu aliinama, akasoma kwa sauti pole pole. "Sabuni ya kufulia. Usiweke kwenye unyevu."

Watu mlangoni walicheka, isipokuwa mmoja. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa Fundi, aliyepita kuchukua suruali yake. Alisogea hadi chini ya ngazi akiwa ameduwaa.

"Mkurugenzi," alisema, "langu nalo ni la sabuni?"

Fundi akaushika mkono wa kochi uliokwama, akauvuta mara moja, ukatoka na misumari yake mitatu kama jino bovu. Wabebaji wakapitisha vipande vingine kimoja baada ya kingine. Mkurugenzi alikuwa bado amesimama katikati ya njia, amekumbatia mto wenye vifungo vya dhahabu, na hapo ndipo mumewe Fundi alipofungua kinywa.

"Kaka," alisema, "pisha mama apite."

Hayo tu. Fundi alikuwa amengoja miaka kumi na tisa mumewe amwambie kaka yake neno, na lilipokuja lilikuwa la adabu, kama la kondakta. Hakumpongeza. Alimpa mkoba wa mama abebe.

Mama mkwe akashuka akipapasa ukuta. Alipofika penye mabaki aliinama, akashika kitambaa, akashika ubao, akalinusa boksi.

"Hiki ndicho unachowauzia watu, mwanangu?"

"Mama, ni kiwanda. Na mimi nimedanganywa."

"Kiwanda gani? Kile kibanda nyuma ya duka lako? Ulipokijenga nilikuwa bado naona."

Walifika hospitali dakika kumi kabla ya wakati. Mama mkwe alipasuliwa siku hiyo hiyo. Jioni ile Mwalimu alibebesha kochi lake kwenye mkokoteni, akaliacha mbele ya kile kioo chenye taa, miguu juu, na kufikia Jumamosi makochi yaliyopinduliwa pale yalikuwa manne.

Wiki tatu baadaye, jicho limepona, mama mkwe alifuatana na Fundi kwenda soko la mitumba ya samani. Fundi alibeba karatasi zake zimekunjwa kama mkeka. Alizitandaza juu ya kila kitu kabla hata ya kuuliza bei yake, na wauzaji wakadhani kachanganyikiwa. Akapata benchi jembamba la futi tano, la kufuata ukuta wa kushoto, meza ya nusu duara, na viti viwili visivyo na mikono. Seremala akaipunguza miguu ya upande mmoja vidole viwili, ili vikae sawa juu ya sakafu iliyolala.

Kisha mama mkwe akasimama mbele ya kiti cha kinyozi. Kilikuwa chekundu, cha ngozi iliyopasuka, juu ya nguzo ya chuma, kinazunguka.

"Nakitaka hiki."

"Mama, hilo lidude?"

"Nimekaa miezi mitano gizani, mwanangu. Sasa nataka kiti kinachogeuka."

Fundi hakuwa na karatasi ya kitu kibaya kiasi hicho. Akakipima kwa utepe, akitafuta sababu ya kukikataa, asiipate: kiliachana vipande viwili, na kila kimoja kilipita kwenye kona ya ngazi bila kugusa ukuta. Akanuna njia nzima. Siku ya pili alikisugua kwa sabuni, siku ya tatu akakishonea ngozi mpya.

Mkurugenzi alikuja miezi kadhaa baadaye kumjulia hali mama yake. Duka alikuwa amelihamishia mtaa mwingine, na kadi zake mpya zilisema Mkurugenzi Mkuu. Alikaa kwenye benchi, akaangaza macho sebuleni, akasema pamekuwa kama mahali pa kusubiria daktari. Mumewe Fundi alitaka kucheka, akamtazama mkewe, akakohoa.

Fundi aliweka kikombe cha chai mbele ya mgeni, akateremka kuendelea na gauni la bibi harusi lililokuwa limebakiza mikono.